Deki ya boti ya faiba inabonyea: soma dalili kabla hujawasha grainda

Malalamiko ni yaleyale kila siku. Mtu kanunua boti ya zamani, bodi (mwili wa boti) inaonekana nzima, injini inawaka vizuri, ila akitembea kuelekea omo, yaani mbele ya boti, deki (sakafu ya juu) inabonyea kama godoro. Afu swali linalofuata linakuwa "nichome tundu wapi nimwage resini (ile gundi ya maji inayogandisha faiba)?" Subiri kwanza, usimwage kitu chochote mpaka ujue maji yaliingilia wapi. Hiyo ndo kazi yenyewe, hayo mengine yote ni jasho tu.

Deki ya faiba siyo kitu kimoja. Juu kuna ngozi ya faiba, chini kuna ngozi nyingine ambayo mara nyingi ni nyembamba zaidi, katikati kuna kiini: balsa iliyopangwa nyuzi zikiwa zimesimama wima, au plaiwudi, au povu gumu. Kiini kinazitenganisha ngozi mbili na kuzishika pamoja, hapo ndo ukakamavu unatoka. Kikioza unabaki na magamba mawili yanayocheza kila moja kivyake. Na maji yakishaingia humo katikati hayana pa kutokea, jua haliyafikii, upepo hauyafikii. Kingine watu hawakitegemei: maji ya mvua yanaozesha kuliko ya bahari, manake chumvi inawabana kidogo kuvu wa mbao. Ndo maana boti iliyokaa nchi kavu miaka mingi bila turubai unaweza kuikuta imeoza kuliko ile inayopigwa na mawimbi kila siku.

Dalili: ukikanyaga inabonyea, ukiondoka inarudi

Sababu ya kwanza na inayoongoza kwa mbali ni kiini kuoza kwa maji yaliyopita kwenye matundu ya bolti na skrubu. Ya pili ni ngozi kuachana na kiini ambacho bado kikavu, labda kiwandani gundi haikushika vizuri, au mtu aliwahi kuangusha kitu kizito pale. Ya tatu, ambayo si ya mara nyingi, kiini ni kizima kabisa ila nguzo au ukuta wa ndani unaoibeba deki umeachia, kwa hiyo eneo zima linacheza.

Anza na vitu vya bure. Chukua nyundo ndogo, au geuza bisibisi utumie mpini wake wa plastiki, gonga deki nzima kila baada ya sentimita 5 hivi ukisikiliza. Palipo pazima panajibu kwa mlio mkali, mkavu. Palipooza panajibu "dup", mlio mzito uliokufa. Palipoachana tu bila kuoza panatoa mlio wa utupu, kama unagonga sanduku. Weka alama kwa penseli ya nta kadri unavyoenda, ukimaliza simama mbali uitazame ile ramani. Karibu kila mara doa lina mkia unaoelekea kwenye chuma fulani: nguzo ya reli, winchi ya nanga, kifuniko cha deki, kiti kilichofungwa na skrubu nne bila silanti (gundi ya kuziba maji) yoyote. Mkia huo ndo mlango wa maji, na jua kwamba panapobonyea siyo lazima ndo pawe mlangoni, maji yanatambaa kufuata mteremko, hasa kwenye plaiwudi ambayo nyuzi zake zimelala yanasafiri mbali sana kuliko kwenye balsa.

Kipimo cha unyevu kinasaidia ila usikiamini peke yake. Kikikuta chuma nyuma ya faiba, au tenki la maji, au rangi yenye madini, kinapiga kelele hata kama kiini ni kikavu. Ushahidi wa kweli ni drili. Ingia ndani, toboa ngozi ya chini tu pamoja na kiini kwa biti ya milimita 4 au 5, funga mkanda kwenye biti kuonyesha kina ili usitokee juu, afu angalia maranda yanayotoka. Meupe makavu, sawa. Meupe lakini yanashikana kidoleni, maji yameshafika ila bado hapajaoza. Ya kahawia, au tope jeusi lenye harufu ya majani yaliyooza, hapo hamna mjadala. Toboa ukielekea nje ya doa mpaka upate maranda makavu pande zote, ndo utajua ukubwa halisi, na jiandae manake mara nyingi ni kubwa kuliko lile eneo mguu ulilolihisi.

Kama ni pakavu, pameachana tu, na eneo ni dogo, hapo sindano ya epoksi (resini inayoshika kama gundi) ina haki: toboa matundu madogo kila sentimita 3 hadi 5, ingiza epoksi mpaka itokee tundu la jirani, weka uzito juu, acha ikauke. Hii ni kwa pakavu TU. Mimi mwenyewe nilishawahi kupiga sindano kwenye kiini chenye unyevu, nikiwa nimeambiwa epoksi "inafunga" kuoza. Ilikaa ngumu miezi kadhaa, baadaye ikalainika upya, na siku nilipoichana nikakuta vijiti vigumu vya epoksi vimesimama katikati ya uji wa balsa, kila tundu na kijiti chake. Iliniuma sana, manake nilikuwa nimemhakikishia mwenye boti kwamba imepona. Epoksi haishiki mbao iliyolowa, na kukausha kiini kupitia matundu madogo kunachukua miezi na mara nyingi hakufiki mwisho.

Simama, ita fundi wa boti: kama ulaini umekula zaidi ya theluthi ya deki, kama unafika mpaka pale deki inapoungana na bodi, au kama nguzo ya ndani ndo iliyoachia.

Dalili: nyufa kama utando wa buibui kuzunguka vyuma vya kufungia kamba

Usikimbilie kusema imeoza. Sababu ya kawaida zaidi ni jelikoti (lile tabaka la rangi la juu ya faiba) nene mno au chuma kinachovutwa bila bamba la kusambaza nguvu upande wa chini, jelikoti ni ngumu haipindi, inapasuka. Angalia chini ya deki: kama bolti imekazwa na washa ndogo ya saizi ya sarafu, umeshapata jibu. Ya pili ndo kiini kilichooza chini ya chuma, ukikaza nati kinabonyea, deki inakaa kama bakuli na maji yanatuama hapohapo. Weka rula ya chuma juu ya deki karibu na hicho chuma uone kama kuna bonde.

Kama ni jelikoti tu, fungua ufa kwa kona ya patasi mpaka uwe na umbo la V, jaza, piga msasa, weka bamba pana chini. Dakika arobaini kazi imeisha. Ila chuma kinachovuta boti nzima au kinachoshika nanga usikirudishe kazini kwenye kiini laini hata "kwa leo tu", kikichomoka na kamba imekaza kinaruka kama risasi.

Dalili: skrubu inazunguka haishiki, au tundu linatoa maji ya kahawia

Hii haina sababu nyingi. Maji ya rangi ya chai yakitoka tundu la skrubu siku ambayo mvua haijanyesha, kiini kimelowa, period. Skrubu inayozunguka bila maji inaweza kuwa tundu limechoka tu. Chomeka waya uliopinda ncha ukwangue ndani: ukitoa mbao kavu, limechoka, ukitoa unga mweusi, rudi juu kwenye drili na ramani.

Dalili: boti imekuwa nzito, tezi (nyuma ya boti) imekaa chini kuliko zamani

Kwanza kabisa angalia ngama (chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika), kausha maji yote, angalia plagi ya kutolea maji na pampu. Inaonekana jambo la kitoto ila watu wameshakata sakafu kwa sababu ya pampu mbovu. Pili, povu la kuelea lililomwagwa chini ya sakafu. Likiwa zima ni jepesi, likikaa ndani ya maji miaka linanyonya, na kila lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo lita 100 zilizojificha ni sawa na kumbeba mtu mzima na mizigo yake kila safari. Toboa tundu la ukaguzi kwenye sakafu, toa kipande cha povu, kikamue. Likitoa maji haliwezi kukaushwa palepale, linatolewa lote na kurudishwa jipya, na usiamue kuliacha tupu eti boti iwe nyepesi, lile povu ndo linaloishika boti isizame ikijaa maji.

Tatu ni stringa, zile mbao ndefu zilizofunikwa faiba chini ya sakafu kutoka omo hadi tezi. Toboa pembeni karibu na chini, siyo juu, manake kuoza kunaanzia chini. Stringa ikiwa imeoza sehemu moja fupi mwenye uzoefu anaweza kuikata na kuunga. Zikiwa zimeoza zote, ita mtu. Hizo ndo uti wa mgongo, ukizitoa bila kuishikilia bodi kutoka nje boti inapanuka kimyakimya na haitarudi umbo lake tena.

Dalili: injini ikinyanyuliwa, ukuta wa tezi unacheza

Hapa naomba usome polepole. Transomu, yaani ule ukuta unaobeba injini ya nje, kwenye boti ndogo nyingi una plaiwudi nene ya karibu milimita 38 na zaidi iliyofungwa ndani ya faiba. Inua injini juu, shika chini karibu na propela, sukuma juu na chini huku mwenzako ametazama pale mabano yalipokaa. Kwanza hakikisha bolti za injini zimekaza. Kama zimekaza na bado ukuta unapinda, au bolti zimezama ndani ya faiba, au kuna ufa kwenye kona mbili za pale ukuta ulipokatwa kukalisha injini, hiyo boti haiingii majini tena. Hata safari fupi. Injini inaweza kung'oka na ukuta wake, na maji yanaingia kwa kasi ambayo pampu haiwezi.

Kubadilisha transomu inawezekana nyumbani, nimeona wavumilivu wakiifanya vizuri, ila kama hii ndo faiba yako ya kwanza anza na deki, transomu mpe fundi.

Imethibitika imeoza. Sasa kuchana

Kabla ya grainda: toa tenki la mafuta au uhakikishe halimo chini ya eneo la kazi, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unashuka na kulala kwenye ngama ukisubiri cheche. Tenki likiwa limejengewa ndani huwezi kulitoa, simama, ita mtu. Tenganisha betri, fuatilia nyaya zinapita wapi. Kalisha boti sawasawa kwenye vitegemeo vingi, siyo viwili, na usichane deki yote kwa mara moja. Vumbi la faiba linataka maski ya chujio la P2 au P3, siyo kitambaa, na miwani iliyoziba. Resini ya poliesta inataka maski ya mvuke, ni chujio tofauti kabisa. Glavu kila wakati, manake epoksi ikishakuzoesha mzio haikusamehi, kuna mafundi wazuri wameacha kazi kwa hilo.

Chana kwa msumeno wa duara au kisu cha grainda, kina kiwe unene wa ngozi ya juu tu, mara nyingi milimita 3 hivi. Acha ukingo wa sentimita kadhaa pembeni ili upate pa kuungia. Nyanyua ngozi kama kipande kimoja uitunze, itarudi. Kwangua kiini mpaka ufike kwenye kilicho kikavu na kizima, afu ongeza sentimita chache zaidi. Acha pakauke chini ya turubai iliyoinuliwa hewa ipite, piga msasa namba 40, futa kwa asetoni.

Kiini kipya kiwe unene uleule wa zamani. Balsa ni nyepesi na ngumu, povu gumu la PVC haliozi, plaiwudi ya baharini ni nzito ila chini ya chuma cha kufungia kamba inasaidia. Kipime kikavu kwanza, kitoboe matundu ya milimita 3 kila sentimita 10 hewa ipate njia, kipake epoksi nyepesi mpaka kiache kunyonya, afu kilaze kwenye epoksi iliyokorogwa na unga wa silika mpaka iwe kama siagi ya karanga. Funika kwa nailoni, weka mifuko ya mchanga. Ukiona epoksi inachungulia kwenye kila kitundu umepata, pasipochungulia pana hewa.

Ngozi irudishwe juu kwa epoksi nzito hiyohiyo, na mshono uchongwe mteremko wa 12 kwa 1, yaani ngozi ya milimita 3 inataka mteremko wa milimita 36 kila upande, ndo uweke tabaka za faiba kuanzia nyembamba kwenda pana. Watu wanafupisha mteremko kwa sababu unachosha kuchonga, na mshono wao ndo unaopasuka.

Dalili baada ya kazi: resini bado inanata

Poliesta ikinata juu tu lakini ukiibonyeza kwa kucha ni ngumu, siyo ugonjwa. Ile isiyo na nta haikauki uso wake mbele ya hewa, imetengenezwa hivyo ili tabaka la pili lishike. Tabaka la mwisho ndo liwe na nta. Ikiwa laini mpaka ndani, hadena (dawa ya kugandisha resini) ilikuwa kidogo au haikukorogwa vizuri. Kawaida ni kati ya asilimia 1 na 2 kulingana na joto, na kuongeza hadena juu ya iliyolala hakusaidii, kwangua yote. Na sikiliza: hadena na akselereta ya kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) haviguswi pamoja moja kwa moja, vinalipuka.

Epoksi ikinata, kosa karibu kila mara ni kipimo. Epoksi haitaki uongeze hadena ili iwahi, kila chapa ina uwiano wake na ndo huo huo. Ikiwa ngumu lakini ina utelezi kama mafuta, huo ni utando unaojitokeza wakati wa kukauka, osha kwa maji na brashi ngumu, ndo upige msasa. Ukianza na msasa unaupaka huku na huku, tabaka linalofuata linabanduka.

Dalili: vipovu vingi kwenye faiba mpya, au ngozi mpya inabanduka

Vipovu: ulipaka asubuhi jua likipanda. Mbao ikipata joto inapumua nje, hewa inapita kwenye resini yako. Paka jioni joto likishuka, mbao inavuta ndani. Kubanduka: uso haukukwaruzwa, au uliweka poliesta juu ya epoksi, haishiki vizuri, kinyume chake ndo sawa. Au ulitumia mati ya kawaida (mkeka wa nyuzi fupi za faiba) na epoksi, mati nyingi zina gundi inayoyeyushwa na poliesta tu, kwenye epoksi inabaki imekakamaa haikai. Tumia kitambaa kilichoshonwa.

Dalili: mwaka haujaisha, panabonyea tena

Chini yake kuna tundu ulilolirudisha kama lilivyokuwa. Kila bolti inayopita kwenye deki, hata zile za eneo ambalo halijaoza, ifanyie hivi: itoe, chukua msumari uliopinda ufunge kwenye drili, zungusha ndani ukwangue kiini kama sentimita 1 kuzunguka tundu bila kugusa ngozi, ziba chini kwa mkanda, jaza epoksi nzito, ikikauka toboa upya katikati. Sasa bolti inapita kwenye epoksi tupu, hata silanti ikichoka maji hayaonani na kiini. Panua mdomo wa tundu kidogo silanti ipate pa kukaa kama pete, tumia ya poliurethani, siyo silikoni, silikoni ikishapita pale hakuna rangi wala gundi itakayoshika tena. Kaza kwa kugeuza nati kutoka chini, siyo bolti kutoka juu, ukigeuza bolti unaikata ile pete.

Siku ya pili mwagia bomba la maji dakika kumi, chuma kimoja baada ya kingine, ukianzia cha chini kupanda juu, na mwenzako awe ndani na tochi na karatasi kavu chini ya kila nati. Karatasi ikilowa, hiyo unaitoa unairudia leo leo.